Kizingiti cha Mbwa

Nyumba ya Mswahili hupangwa kwa ngazi za usafi kabla ya kupangwa kwa mawe. Nje kabisa ipo baraza, mahali pa wageni, wapita njia na mazungumzo ya jioni. Kisha daka, penye kivuli cha mlango. Kisha ukumbi na vyumba. Na nyuma kabisa ua, wenye jiko na pipa la maji. Kila hatua ya kuingia ndani humtaka mtu aache kitu: kwanza viatu, kisha sauti ya juu, kisha macho ya udadisi. Kizingiti kinaonekana kuwa ubao tu uliolala chini ya mlango, ilhali ni sheria. Na katika sheria hiyo mbwa amepewa nafasi moja isiyo na mjadala: nje.

Lugha nayo imemweka huko huko. Jina lake ni tusi la kumvua mtu utu. Methali husema mbwa hafi maji akiona ufuko, kana kwamba hata wokovu wake ni wa pwani, mahali pasipo nyumba. Paka huingia jikoni, akalala juu ya mkeka, wala haulizwi. Mbwa akichungulia tu mlangoni, ufagio umekwishainuliwa. Ndiyo maana tatizo la mbwa anayejisaidia ndani ya nyumba, ambalo kwingineko ni adha ya mazulia na harufu, katika visiwa hivi huwa tatizo la sala, la jamaa, la jirani, na la kutambua mtu anakusudia nini hasa anaposema kitu fulani ni najisi.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 tatizo hilo liliingia katika nyumba moja ya Fuoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mzaliwa wa Malindi katika Mji Mkongwe, aliyepokea watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye mikono yake haikuwahi kuogopa damu wala uchafu wa mwili. Aliishi na mjukuu wake wa kiume wa miaka minane. Mama wa mtoto alikwenda Maskati kutafuta riziki katika nyumba za watu, na kila Ijumaa alipiga simu. Nyumba ilikuwa mpya na haijamalizika. Ukuta wa ua ulifika kiunoni tu. Katika mwezi mmoja wezi waliingia mara mbili. Mara ya kwanza walichukua mtungi wa gesi. Mara ya pili walichukua televisheni kutoka chumba kile kile alicholala mtoto, naye akaamka akawaona, akanyamaza.

Mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na mihogo huko Kusini, ndiye aliyeleta dawa. Kule mashambani nguruwe mwitu huweza kuimaliza konde ya mihogo kwa usiku mmoja, na wakulima wa Unguja wamezoea tangu zamani kuwaita wasasi, ambao huingia msituni na mikuki, nyavu na mbwa wao. Wasasi hao ni Waislamu kama jirani zao, na mbwa wao wanajulikana kwa majina. Kwa mmoja wao ndiko kulikotoka kilebu wa wiki tisa, wa rangi ya mchanga uliolowa, masikio makubwa kuliko kichwa. "Shangazi," alisema mpwa, "mwizi wa huku haogopi kufuli. Anaogopa sauti."

Mkunga alimtazama kilebu kwa muda mrefu, akasema atakaa nje. Lakini nje hapakuwa na nje. Ukuta ulikuwa mfupi, watoto wa mtaa walikuwa na mawe, na kilebu alikuwa mdogo wa kuweza kuchukuliwa hata na mvua ya usiku mmoja. Ikaamuliwa alale ndani, kwenye kipenu kilichounganisha jiko na ukumbi, mpaka ukuta utakapokwisha. Usiku wa kwanza kilebu alilia mpaka mtoto akaenda kukaa naye. Asubuhi palikuwa na vidimbwi vitatu: kimoja jikoni, kimoja ukumbini, na cha tatu hatua mbili kutoka mahali ambapo mkunga alitandika mswala wake.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Waislamu wengi wa visiwa hivi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa madhehebu hayo mbwa ni katika najisi nzito. Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira yaamuru chombo alichokilamba mbwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na wanazuoni wa Kishafii wakayapima kwa ulimi huo majimaji yake yote mengine, ya jasho, ya mkojo na ya kinyesi. Imamu Malik wa Madina aliliona jambo hili kwa jicho jingine: kwake mbwa aliye hai ni tohara, na kukiosha chombo mara saba ni ibada ya kutii amri. Lakini hata kwake mkojo wa mbwa ni najisi, na mkunga hakuwa mtu wa kuhama madhehebu kwa sababu ya sakafu. Kilebu alichafua mara nne au tano kwa siku. Mara tano kwa saba ni 35, na maji ya bomba katika mtaa ule yalikuja kwa zamu; siku zisizo za zamu yalinunuliwa kwa madumu. Ndani ya wiki moja sakafu ya ukumbi ilikuwa na rangi ya udongo wa shamba, na mgongo wa mwanamke yule ulikuwa hautaki kunyooka.

Alifanya kama ambavyo wengi wangefanya. Alipokuta dimbwi, alimshika kilebu shingoni, akamsogeza pua karibu na uchafu, akampiga kwa ufito wa fagio, kisha akamtupa uani. Alipaza sauti ili asikie. Na kweli ilionekana kana kwamba anasikia: kila alipomwona bibi akija na ndoo, kilebu alilaza masikio, akageuza uso, akajikunyata hadi tumbo likagusa sakafu. "Anajua alilolifanya," alisema mkunga. "Anajua, na bado anafanya." Baada ya siku chache vidimbwi vya ukumbini vilipungua. Vilihamia nyuma ya kabati, chini ya kitanda, na ndani ya kiatu kimoja cha skuli cha mtoto.

Sasa alikuwa na mambo mawili mbele yake. La kwanza lilikuwa kumrudisha kilebu alikotoka, na kila mtu alijua maana yake: mbwa aliyekataliwa mjini hapokewi tena na kundi la wasasi, huishia jalalani pamoja na mbwa koko, na mbwa koko huishia kwa jiwe, gari au sumu. La pili lilikuwa kubaki naye na kuipoteza nyumba kama nyumba ya sala. Jirani wa upande wa kushoto, mwanamke mtulivu aliyekuwa akileta sahani ya futari kila Ramadhani, alikuja kumwambia kwa upole kwamba watu wanazungumza. Kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Kwamba yeye mwenyewe sasa akija atakaa barazani tu. Alikaa barazani, akanywa chai bila kukiweka kikombe chini hata mara moja.

Mkunga alikwenda kwanza kwa mwalimu wa chuo alichosoma mjukuu wake. Alitarajia kukemewa, na pengine aliutamani ukemeo huo, maana ungemwondolea mzigo wa kuamua. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akayatenganisha mambo moja moja, kama mtu anayechagua mchele. Mbwa wa kusasia, wa mifugo na wa shamba ametajwa kwa ruhusa katika hadithi, na wanazuoni wengi wameingiza katika ruhusa hiyo mbwa wa kulinda nyumba iliyo na hofu ya wezi. Nyumba iliyoingiliwa mara mbili haina haja ya kuleta ushahidi zaidi. Kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, kwa hiyo mtoto akimgusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakulazimiki kuosha kitu. Chumba cha kusalia kifungwe mlango, na mswala usikae sakafuni. Na mbwa asiachiwe nyumba nzima. Apewe pembe moja, ili linalooshwa lijulikane.

Kisha akamkumbusha kisa ambacho kila mwanachuo amekisikia, cha bedui aliyeingia katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) akakojoa. Masahaba waliinuka kumkemea. Mtume akawakataza: wamwache amalize. Alipomaliza, ikaletwa ndoo ya maji, ikamwagwa mahali pale. Ndipo wakaambiwa kwamba wametumwa kurahisisha, hawakutumwa kutia uzito. Mwalimu aliongeza kwamba watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha upole, nacho ni hivyo. Lakini kina pia hekima ya mwili. Aliyekatizwa katikati huinuka na kukimbia, na uchafu uliokuwa mahali pamoja huenea kote. Mkunga, aliyewaona wazazi wengi wakikemewa katikati ya uchungu, hakuhitaji kufafanuliwa.

Wa pili kumwendea alikuwa daktari wa mifugo, aliyepaswa kumpa kilebu dawa ya minyoo na, atakapofikia miezi mitatu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo si jambo dogo katika visiwa hivi. Pemba imeonyesha kwamba mbwa wakichanjwa kwa kampeni za mfululizo, ugonjwa huo huweza kutokomezwa kisiwani. Daktari alimkagua mnyama kwanza, maana mbwa anayekojoa ovyo huenda ana ugonjwa wa njia ya mkojo, na mwenye minyoo au tumbo la kuhara hawezi kufundishwa kujizuia kwa kitu ambacho mwili hauwezi kukizuia. Alipomwona hana maradhi ila minyoo, aliuliza maswali ambayo mkunga hakuyatarajia. Anakula saa ngapi? Huamka saa ngapi? Huchukua muda gani baada ya kula? Anapopigwa, hupigwa muda gani baada ya kufanya?

Alieleza kwamba kibofu cha kilebu hustahimili, kwa kukadiria, saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na pengine moja zaidi. Kilebu wa miezi miwili na kitu anayeachwa ndani tangu asubuhi hadi adhuhuri hana ukaidi wowote, amejaa tu. Hujisaidia mara anapoamka, mara anapomaliza kucheza, na katika dakika chache hadi nusu saa baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula huuamsha utumbo. Nyakati hizo zinajulikana kabla hazijafika. Na kitu kinachojulikana kabla hakijafika, alisema, hakihitaji fimbo; kinahitaji mtu wa kufungua mlango.

Kuhusu kujikunyata, alimweleza habari ya jaribio lililochapishwa mwaka 2009 na Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York. Mbwa 14 waliachwa chumbani na chakula walichokatazwa. Wengine walikila na wengine hawakukila. Lakini wenye mbwa waliambiwa mara ukweli na mara uongo. Ikadhihirika kwamba ile sura ya hatia, ya masikio yaliyolala na macho yaliyogeuzwa, ilifuata ukali wa mwenye mbwa na haikufuata kosa. Waliojikunyata zaidi ya wote walikuwa wale ambao hawakula kitu na wakakemewa. Mbwa husoma uso ulio mbele yake. Haunganishi kipigo cha sasa na dimbwi la saa moja iliyopita. Hukiunganisha na bibi, na ndoo, na ukumbi. Akipigwa sana hujifunza jambo moja tu, kwamba kujisaidia mbele ya mtu ni hatari, naye hutafuta nyuma ya kabati. Hata huko nje huogopa kujisaidia akitazamwa, na hivyo hurudi ndani akiwa bado amejaa.

Lakini neno lililomkaa mkunga kuliko yote lilikuwa la uzazi. Kilebu anapozaliwa hawezi kujisaidia peke yake. Mama yake humlamba ili aweze, na uchafu huula mwenyewe ili tandiko libaki safi. Kiasi cha wiki tatu baadaye, mara miguu inapopata nguvu, vilebu huanza kutoka kwenye tandiko na kwenda kujisaidia kando. Hakuna anayewafunza. Kwa hiyo kila mbwa huja duniani na kizingiti chake tayari. Kizingiti hicho ni ukingo wa mahali anapolala. Kinachokosekana ni ukubwa. Nyumba ya binadamu ni pana mno kwa akili ya kilebu. Kwake pembe ya mbali ya ukumbi ni nje. Kazi ya mwalimu ni kulipanua tandiko polepole mpaka lienee nyumba nzima. Mkunga aliambiwa na watu wawili, mmoja kwa lugha ya fikihi na mmoja kwa lugha ya mwili, kwamba ampe pembe moja, ijulikane, kisha aongeze.

Kusafisha nako kulikuwa na somo. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu kwa mamia ya milioni, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Mahali palipooshwa na kuonekana safi kwa macho bado pana maandishi kwa pua hiyo, na maandishi hayo husema: hapa ni choo. Dawa za kusafishia zenye amonia huyakoleza, kwa kuwa mkojo wenyewe una harufu ya namna hiyo. Daktari alishauri pafutwe pakauke, kisha pamwagwe siki iliyochanganywa na maji, pakaushwe tena. Mkunga akaitia siki baina ya maosho yake saba, na hakuona kwamba sheria na sayansi zinagombana. Udongo ulikuwa wa Mola wake, siki ilikuwa ya pua ya mbwa.

Ratiba ilijipanga yenyewe, maana nyumba ilikuwa nayo tayari. Adhana ya alfajiri: kilebu hubebwa, asitembee, maana akitembea atamwaga njiani, mpaka kwenye mchanga chini ya mstafeli. Baada ya chai yake ya asubuhi ya uji na vichwa vya dagaa: mstafeli. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha: mstafeli. Sikuzote mlango ule ule, mahali pale pale, neno lile lile. Akifanya, hupewa kipande cha dagaa papo hapo, kabla hajageuka, kwa kuwa sifa inayochelewa, kama kipigo kinachochelewa, huanguka juu ya jambo jingine. Asipofanya hurudishwa kwenye pembe yake, na baada ya dakika kumi hutolewa tena. Akishikwa ndani katikati ya tendo, hapigwi kelele wala hafukuzwi. Hubebwa taratibu akamalizie nje. Katika visiwa hivi, vilivyo karibu na mstari wa Ikweta, nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima. Mnyama akizizoea mwezi mmoja amezizoea daima.

Usiku ndio uliokuwa na pengo. Kutoka isha, karibu saa moja na nusu, hadi alfajiri, karibu saa kumi na moja, ni saa tisa na nusu, na kilebu hakuwa na kibofu cha saa tisa na nusu. Palihitajika mtu wa kuamka saa sita, na tena saa tisa. Mkunga alikuwa na mgongo. Mtoto akasema, "Bibi, mimi huamka."

Kweli aliamka, na sababu yake ilikuwa ndiyo siri iliyojulikana na nyumba nzima. Tangu mama yake aondoke, mtoto yule, aliyekuwa mkavu tangu miaka mitatu, alirudi kukojoa kitandani. Bibi yake hakuwa mkatili. Alimtendea kama alivyotendewa yeye na kama wanavyotendewa watoto wengi: alimnyima maji ya jioni, alimkemea asubuhi, na godoro alilianika mbele ya nyumba, upande wa njia, ili aone haya. Watoto wa jirani waliliona godoro, wakamwita kikojozi, wakamwimbia. Naye akaanza kuamka usiku kwa hofu, akiwa amekwisha kulowa, akakaa gizani bila kusema. Alikuwa amekaa hivyo hivyo usiku ule wezi walipoingia.

Mkunga alilijua vizuri somo la mwili wa mtoto. Alikuwa amewafundisha wengine. Alijua kwamba mtoto aliyelala hana uamuzi juu ya kibofu chake, kwamba wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua, na kwamba aliyekwisha kauka akarudi kulowa aghalabu amepatwa na jambo. Aliyajua yote hayo hospitalini, akiwa na nguo nyeupe. Nyumbani alikuwa na desturi. Hakuna aliyemwona alipovuka kutoka moja kwenda jingine. Labda ilikuwa siku ile alipomwona mjukuu wake akigeuza uso na kujikunyata mbele ya godoro, kwa sura ile ile aliyoiita kwa mnyama ushahidi wa hatia. Kilichojulikana ni kwamba godoro lilihamia uani, nyuma ya jiko, likafunikwa shuka, na halikurudi tena upande wa njia.

Basi saa sita na saa tisa mtoto alitoka na kilebu mpaka chini ya mstafeli, bibi akiwa amekaa kizingitini na tochi. Kilebu alifanya lake, akapewa dagaa. Mtoto naye, kwa kuwa amekwishaamka na choo kipo pale pale uani, alifanya lake. Hakuna aliyelitaja hilo. Palipo na haya, msaada mkubwa aghalabu ni kutotajwa. Ijumaa moja mama alipopiga simu kutoka Maskati, mtoto ambaye kwa miezi alijibu kwa "ndiyo" na "hapana" alizungumza dakika kumi na moja, zote juu ya mbwa: amelala, ameamka, amebweka, amekwenda mwenyewe mpaka mlangoni akakaa akingojea.

Isidhaniwe kwamba jambo lilinyooka kama uzi. Masika ilipoingia, kilebu aliyekuwa amekauka kwa wiki tatu aliukataa mchanga uliolowa, akatazama mvua kama mtu aliyetukanwa, akageuka akajisaidia ukumbini. Mkunga aliinua mkono, akaushusha, akachukua ndoo. Mpwa akaezeka mabati mawili juu ya mstafeli, pakabaki duara kavu kama mkeka. Mwezi mwingine minyoo ilirudi, na pamoja nayo kuhara. Mtoto naye alikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya. Ramadhani ilipoingia katikati ya mwezi wa Mei, nyumba nzima ikikesha mpaka daku, mbwa na mtoto wote wawili walikuwa wakavu mwezi mzima. Mfunguo Mosi ulipokuja, kila mmoja aliteleza mara mbili tatu. Hapakuwa na kipigo na hapakuwa na wimbo.

Ukuta ulikwisha mwezi wa Julai. Mbwa, ambaye sasa hakuwa tena kilebu, alihamishiwa uani, na mahali alipopachagua mwenyewe palikuwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma: miguu ya mbele imenyooshwa, kiwiliwili nje, pua imeelekea ndani. Asomaye Kurani atakumbuka kwamba mbwa wa Watu wa Pango ametajwa katika Suratul Kahf akiwa hivyo hivyo, amenyoosha miguu mlangoni, wala hakufukuzwa. Na katika Suratul Maida, windo la mbwa aliyefundishwa limehalalishwa, ilhali la asiyefundishwa ni mzoga. Mnyama ni yule yule, mate ni yale yale. Kinachowatenganisha wawili hao ni elimu, na elimu hiyo imetoka kwa binadamu, ambaye naye amefundishwa. Jukumu la mbwa kuchafua nyumba, kwa kipimo hicho, humrudia zaidi mwenye ufunguo wa mlango.

Neno "najisi" lina kazi yake, na nyumba yenye sala haiwezi kuishi bila neno hilo. Lakini ni neno la kutaja hali ya kitu na njia ya kukitakasa: mara saba, mojawapo kwa udongo, kisha basi, pamekwisha. Ubaya huanza neno hilo linapotolewa kwenye sakafu na kubandikwa juu ya kiumbe, likawa jina lake. Dimbwi huoshwa, jina haliosheki. Aliyepewa jina la kikojozi akiwa na miaka minane hulibeba jina hilo hata baada ya godoro kukauka, na mbwa aliyepigwa kwa ajili ya dimbwi hulikimbia dimbwi maisha yake yote bila kujua lina kosa gani.

Jirani wa kushoto hakubadili madhehebu wala rai. Hata sasa hukaa barazani, na ana haki yake, maana dini yake haikumtaka ampende mbwa. Lakini mwaka uliofuata wezi walipoingia nyumba mbili za mtaa ule na kuiruka ya mkunga, alimtuma mwanawe na bakuli la mifupa ya mbuzi, limefunikwa kawa. Bakuli lilikuwa la plastiki, la zamani, na alituma neno kwamba halina haja ya kurudishwa.